Jones wa Maziwa, Murphy wa Viazi, Mangi wa Duka

Kusini mwa Wales, kwenye mabonde yaliyochimbwa makaa ya mawe, ukimuulizia Jones bado hujamuulizia mtu yeyote. Hakuna jina la ukoo lililoenea nchini humo kuliko hilo. Zamani mtu alitajwa kwa baba yake, kisha babu yake, kisha baba wa babu, wote wakiunganishwa kwa kijineno "ap". Sheria za Uingereza zilipotandazwa Wales mwaka 1536 na 1542, makarani walitaka jina moja lisilobadilika kizazi hadi kizazi. Taratibu wana wa John wakawa Jones, wa Dafydd wakawa Davies, na ap Rhys akawa Price. Kwa kuwa majina ya ubatizo yaliyopendwa yalikuwa machache, kijiji kizima kiliweza kujikuta kinagawana majina manne au matano. La kustaajabisha zaidi, alfabeti ya jadi ya watu hawa haina herufi J.

Basi utani ukaingia kazini. Muuza maziwa akawa Jones the Milk, mwoka mikate Dai Bread, mzishi Evans the Death. Hao wawili wa mwisho Dylan Thomas aliwaweka katika Under Milk Wood, mchezo wake uliorushwa na redio ya BBC mwaka 1954. Nilicheka sana niliposimuliwa habari za mzee aliyebakiwa na jino moja tu, la katikati: wakamwita Dai Central Eating, wakichezea jina la mitambo ya kupashia nyumba joto. Jeshini walisaidiwa na namba za askari. Tarehe 22 Januari 1879, kwenye mapigano na Wazulu pale Rorke's Drift, Afrika Kusini, akina Jones wawili wa kikosi kimoja walijipatia nishani ya Victoria Cross: Robert alikuwa 716, William 593. Na mwaka 2006 akina Jones 1,224 walikusanyika Cardiff wakaweka rekodi ya dunia ya watu wa jina moja la ukoo kukutana mahali pamoja. Napenda watu wanaoweza kulisherehekea jina lililowasumbua kiasi hicho.

Katika kambi za jeshi la Uingereza mambo ni mengine. Kila Miller ni Dusty, kwa vumbi la kinu cha unga. Kila White ni Chalky, kwa chaki. Kuruta anawasili leo na kukuta jina la utani linamsubiri. Utani huu haukunivutia. Kule bondeni walimtazama mtu kwanza, ndipo wakamwita.

Cork, kusini mwa Ireland, ni ngome ya akina Murphy, na nchini humo hilo ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote. Asili yake ni Ó Murchadha, ukoo wa shujaa wa baharini. Lakini tangu mwanzoni mwa karne ya 19, katika Kiingereza cha mitaani, "murphy" ni kiazi. Hebu fikiria kilichofuata. Kuanzia 1845 hadi 1852 ukungu uliozesha viazi mashambani, na kwa njaa na maradhi wakafa watu wapatao milioni moja. Wengine zaidi ya milioni wakaihama nchi. Huko Skibbereen, ndani ya kaunti hiyohiyo ya Cork, maelfu walizikwa kwa halaiki. Nilisimama pale nikiwa na hasira. Jina la shujaa lilikuwa limeshageuzwa chakula, kisha chakula chenyewe kikawaua wenye jina, na waliolizoea neno hilo mitaa ya London wakaendelea kulitumia.

Nikaikumbuka Dar es Salaam. Mangi kwa Wachagga alikuwa mtawala. Mangi Meli wa Old Moshi alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900. Utawala wa machifu ukafutwa mwaka 1963. Leo mama anamtuma mtoto chumvi "kwa Mangi", na Mangi ni mwenye duka la mtaani. Mtu akijitambulisha kwa jina la Kichagga, Massawe, Mushi au Kimaro, kabla hajakaa ameshaulizwa pesa kaficha wapi. Mangi naye ameshushwa, kutoka kiti cha enzi hadi kaunta ya duka. Mbona basi utani huu haunichomi kama ule wa Cork? Kwa sababu Massawe anajibu, na jibu lake huuma. Mpare aliyemwanza ataondoka na lake la ubishi na kesi. Tena Mangi ndiye mwenye daftari la madeni. Anayemtania leo kesho atakopa unga.

Sinza niliingia duka moja nikamwita mwenyewe Mangi. Kumbe ni Mkinga wa Makete.

"Sema, bosi," akaitika, akanipimia sukari. Kisha akaniambia Mangi wa kweli yuko mtaa wa pili, na bei zake nisithubutu.