Upepo wa Redio na Upepo wa Nungwi

Wazee wa Nungwi hawakuidharau redio. Nalitaja hili mwanzo kwa sababu vijana wengi hudhani manahodha wa zamani walitazama nyota tu na kuwacheka watu wa hali ya hewa. Mimi sikuyaona hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 marehemu ami yangu alikuwa nahodha wa mashua ya kwenda Pemba, na taarifa ya hali ya hewa ikianza kusomwa, nyumba nzima ilinyamaza. Ami akiwa msikitini, mimi ndiye niliyesikiliza na kumpelekea maneno.

Yalikuwa maneno machache: upepo unatoka upande gani, ni wa wastani au mkali. Yalisemwa kwa pwani nzima, visiwa vikiwamo. Ami akishayapokea, huanza kuuliza. "Leo mwezi ngapi?" Alikusudia mwezi wa kuandama, maana akiujua huo amejua kama ni bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Kisha huuliza maji yataanza kupwa saa ngapi. Kisha hutoka nje, akatazame mwenyewe.

Kijiji chetu kiko kwenye rasi, ncha ya kaskazini kabisa ya Unguja. Wakati wa kusi, upepo wa msimu utokao kusini, upande wa magharibi unakingwa na kisiwa chenyewe, na vyombo hutia nanga kwa raha. Ukivuka kwa miguu kwenda mashariki, unakuta mawimbi yanapasuka juu ya mwamba. Kaskazi, upepo wa msimu utokao kaskazini, ikiingia, Desemba hivi, rasi huwa wazi mbele yake. Saa nazo zina hukumu yake. Alfajiri huvuma umande, upepo mwembamba utokao nchi kavu. Jua likipanda na ardhi ikishika moto, upepo wa baharini hujiongeza juu ya ule wa msimu. "Wastani" ya redio ilikuwa laini alfajiri, na alasiri ikamtoa mtu jasho kwenye usukani.

Lakini kubwa kuliko yote ni mkondo. Kati ya Nungwi na Pemba bahari ina kina kirefu, na mkondo wa pwani yetu huenda kaskazini mwaka mzima. Wakati wa kusi, upepo na mkondo hufuata njia moja, na hata mawimbi yakiwa makubwa, ni marefu, chombo hupanda na kushuka. Wakati wa kaskazi mkondo hupungua nguvu, ila hukabiliana na upepo ana kwa ana. Hapo wimbi husimama, fupi na la wima, na mashua haijamaliza kupanda moja, la pili limeshaipiga.

Nakumbuka asubuhi moja ya kaskazi, siku za bamvua, redio imesema upepo wa wastani. Abiria walikuwa wamekaa mchangani na mizigo yao, mama mmoja na tenga la kuku. Ami alisimama juu ya mwamba akaelekea Pemba. Upeo wa bahari ulikuwa na meno kama msumeno, ndiyo mawimbi ya mbali hayo.

"Hatwendi," akasema. "Tutazame kesho."

Mwenye mzigo mmoja akakasirika. "Nahodha, si redio imesema wastani?"

"Imesema kweli, ndugu yangu. Imetaja upepo. Maji haikuyataja."

Mashua ya kijiji cha jirani iliondoka. Ilirudi adhuhuri, foromali imevunjika, watu wakifua maji kwa ndoo. Wote hai, alhamdulillahi.

Leo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa tahadhari zenye takwimu, upepo wa kilomita 40 kwa saa, mawimbi ya mita 2, na Unguja na Pemba zikatajwa kwa majina. Ni neema kubwa, na mvuvi anayezipuuza anachezea roho yake. Linaloniuma ni kwamba wengi wanaozisoma hawaulizi mwezi ngapi. Natamani skuli za pwani ziwape watoto tahadhari ya siku pamoja na jedwali la maji kujaa na kupwa, kisha mwalimu awapeleke ufukweni, upande wa mashariki na wa magharibi, waandike walichokiona.