Kilima cha Bugando na Siku Mbili za Kungoja Kisu



Mtu atokaye Sengerema kwa kivuko cha Kamanga haingii Mwanza kwa ghafula. Mji humjia polepole juu ya maji. Kwanza huona vilima na mawe makubwa yaliyopandana, kisha Jiwe la Bismarck lililosimama ziwani, na juu ya kilima, likiutazama mji wote, jengo kubwa la hospitali ya Bugando. Siku hizi magari mengi hupita daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lakini sisi wa upande wa Kamanga bado twapenda kivuko chetu. Mara nyingi nimelitazama jengo lile nikienda kununua karatasi za ofisi ya parokia, nikasema moyoni, "Lapendeza." Safari hii nililitazama mara moja tu, nikageuza uso, kwa maana lilikuwa likiningoja mimi.

Nilikuwa na ngiri ya kinena. Nyama za tumbo zimelegea mahali, na utumbo unachungulia chini ya ngozi kama mtoto nyuma ya pazia. Kwa miaka miwili nilikuwa nikiurudisha kwa kidole na kunyamaza. Daktari akanionya kwamba utumbo ukinaswa pale, damu haipiti, nao huoza. Hapo mtu hupasuliwa kwa haraka usiku wa manane, au hufa. Afadhali kwenda mchana kwa miguu yangu mwenyewe.

Kabla sijaondoka Padre alinipaka Mafuta ya Wagonjwa. Mama yangu akalia akidhani nimekwisha hesabiwa na marehemu. Padre akamweleza kwamba Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulisema wazi mwaka 1963 kuwa sakramenti hiyo si ya wanaokata roho peke yao. Mama akafuta machozi, lakini aliniaga kwa mikono miwili. Mke wangu alikuwa na mtoto wa majuma matatu, na mdogo wangu angenifuata siku ya tatu. Basi nilikwenda peke yangu.

Hospitali ile ilifunguliwa mwaka 1971. Mwaka uliofuata ikawa mali ya serikali, na mwaka 1985 ikarudishwa mikononi mwa Maaskofu Katoliki. Ukisimama dirishani juu kule waona ziwa lote, na mitumbwi midogo kama mbegu za tikiti. Nilisimama hapo jioni ile nikitafuta upande wa kwetu, mpaka giza likaniondoa.

Usiku ule sikulala. Mchana mtu ana watu wa kusalimiana nao, lakini usiku hofu humkuta peke yake. Moyo ulipiga mbio, viganja vililowa jasho, kinywa kikakauka. Nikawaza habari za mirathi. Nikawaza daftari la ubatizo nililoliacha bila kuandika majina ya watoto wanne. Nikakumbuka tuliyofundishwa chuo cha ualimu juu ya mtoto anayeogopa mtihani: mpumzishe pumzi yake kwanza. Nikaanza Salamu Maria polepole sana, nusu nikivuta pumzi, nusu nikiitoa, na ya kutoka niliifanya ndefu kuliko ya kuingia. Moyo ulitulia kidogo.

Saa kumi na moja alfajiri binti wa mzee wa kitanda cha jirani alimletea babaye uji. Akaniona sina mtu. "Mwangaluka, kaka," akasema, "pokea na wewe." Alinipa kwa wema, asijue habari zangu. Mimi nalijua nimekatazwa kutia kitu kinywani tangu saa sita ya usiku. Lakini kinywa kilikuwa kikavu, na mkono wa mtu mwema ulikuwa mbele yangu. Nikanywa nusu kikombe.

Saa kumi na mbili mwuguzi akauliza, "Baba, umekula au kunywa chochote?"

"Hapana, dada," nikajibu. Mimi, karani wa parokia, ninayewakemea wachumba wasiosema kweli wanapoandikisha ndoa! Naliogopa kwamba nikisema kweli nitaahirishwa, na sikuweza kuuvumilia usiku mwingine kama ule.

Wakanipeleka kwa kitanda cha magurudumu hadi mahali pa kungojea, nje ya chumba cha upasuaji. Hapo hakuna jamaa aingiaye. Wako dari, taa, na mlango. Ilisemekana nisubiri, maana mama mmoja ameletwa kuzaa kwa kupasuliwa, naye hawezi kungoja. Nikakasirika kidogo, kisha nikamwombea, na kwa kumwombea yeye nilijisahau dakika chache. Lakini uji ule ulinilemea tumboni kama jiwe.

Akaja bwana mmoja wa dawa ya usingizi. Akaniuliza jina langu, ingawa limeandikwa mkononi mwangu. Akauliza ngiri iko upande gani, kisha, kwa sauti ileile ya upole, "Umekula au kunywa chochote?"

Nikanyamaza. Nikasema, "Bwana, nilimdanganya mwuguzi. Nimekunywa uji alfajiri. Na ninaogopa sana."

Nilidhani atanifokea. Akavuta kiti. "Ahsante, baba," akasema. "Mtu akilala kwa dawa, koo lake halijilindi. Kilichomo tumboni hupanda kikaingia mapafuni, na hilo laweza kumwua. Wewe tutakuchoma sindano ya mgongoni, utakuwa macho. Lakini ikibidi kukulaza katikati ya kazi, uji huo ungekuwa adui yetu." Nikarudishwa kitandani mpaka kesho yake.

Ndipo nikaelewa maswali yale yaliyokuwa yakiniudhi. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuulizana katika vyumba vya upasuaji: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla mgonjwa hajatolewa chumbani. Si kwamba hawakujui. Wanakuuliza tena ili kosa lililopita mlango wa kwanza likamatwe mlango wa pili. Kosa langu lilikamatwa hivyo.

Usiku wa pili, nawaambieni kweli, nililala. Hofu ilikuwapo, lakini sasa kulikuwa na mtu aliyeijua. Mzee jirani aliniambia, "Mwanangu, hata Bwana wetu bustanini aliomba kikombe kimwepuke." Binti yake hakuleta uji mbele yangu tena, alileta maneno mazuri tu.

Kesho yake nilichomwa sindano ya mgongoni, miguu ikawa mizito kama magogo, na kukawa na pazia mbele ya uso wangu. Nilisikia vyombo vikigongana, na madaktari wakiitana kwa upole. Sikusikia maumivu. Nikawakumbuka watu wa kale, ambao kabla dawa ya etha haijaonyeshwa kule Boston mwaka 1846 walifungwa kamba wakapasuliwa wakipiga kelele. Nikamshukuru Mungu kwa kuzaliwa nyuma yao.

Msomaji mpenzi, huenda nawe una ngiri, au uvimbe, au jicho, na unajificha kwa sababu ya woga. Nenda. Ukiambiwa usile, usile, hata mkono unaokupa ukiwa wa mama yako. Ukienda kumtunza mgonjwa wodini, usimpe jirani kitu kabla hujamwuliza mwuguzi. Ukiwa peke yako mbele ya mlango ule, vuta pumzi taratibu, mwombee aliyetangulia, na umwambie anayekuhudumia, "Naogopa." Si aibu. Aibu ilikuwa kusema "hapana" wakati ilinipasa kusema "ndiyo".

Siku niliporudi, nilisimama nyuma ya kivuko nikiutazama mji ukiondoka. Kilima cha Bugando ndicho kilichokawia kupotea machoni. Safari hii sikugeuza uso. Nyumbani nilimkuta mke wangu mlangoni na mtoto mgongoni, na kesho yake nilifungua daftari, nikayaandika yale majina manne.