Kompyuta ikianza kuchelewa, tusikimbilie kufomati

Hapa Uvira, kompyuta ikianza kuchelewa, neno la kwanza unalosikia ni virusi. La pili ni kufomati. Vijana wetu wanaotengeneza mashine mitaani ni hodari na mimi ni mteja wao, lakini safari hii nilimkatalia mmoja wao.

Kompyuta yetu ya nyumbani ni ya mezani, ya mtumba, inatumia Windows 10. Watoto wanaandikia kazi za shule, mama watoto anawekea hesabu za mikate anayouza, na mimi nahifadhia sauti za kazi. Kati yake kuna zile nilizorekodi baada ya mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba za watu. Redio hurusha dakika 2 au 3, mazungumzo mazima yanabaki kwangu. Baadhi ya waliosema humo tumekwisha kuwazika.

Mwezi uliopita mashine ilianza kuchukua zaidi ya dakika 10 ili iwake. Kunakili sauti moja ikawa kama kungoja mtumbwi kutoka Baraka. Saa moja ya sauti ya WAV, stereo, ni karibu megabaiti 600. Diski nzima, hata ya aina ya zamani inayozunguka, huzimaliza kwa sekunde kama 10. Yangu ilichukua dakika 5, na siku iliyofuata ikagoma katikati.

Fundi alikuja, akatazama kidogo. “Yaya, tuifomati tu, itakuwa mupya,” aliniambia. Nikamwomba tuangalie kwanza ukurasa unaotokea ukibonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Hatukuwa tumefungua programu yoyote, lakini diski ilionyesha kazi asilimia 100, na data iliyopita haikufika hata megabaiti 1 kwa sekunde. Muda wake wa kujibu ulikuwa milisekunde elfu kadhaa, wakati diski nzima hujibu kwa makumi tu. Tulibadilisha waya unaoiunganisha, maana waya mbovu nao huleta mambo hayo. Ikawa vilevile. Basi tukaweka CrystalDiskInfo, programu ya bure inayosoma ripoti ambayo diski inajiandikia yenyewe. Rangi ikatoka ya njano, na chini yake hesabu ya sehemu zinazokataa kusomeka.

Ndani ya diski ya namna hii kuna sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5400 au 7200 kwa dakika, na vichwa vidogo vinavyosoma juu yake bila kugusa. Sahani ikiharibika mahali, kichwa hurudia palepale mara nyingi, na Windows yote inasimama kungoja. Kwa hiyo uchelewaji ule haukuwa uvivu. Diski ilikuwa inakufa na bado inajitahidi.

Sasa kufomati kungesaidia nini? Kufomati kwa haraka kunafuta orodha ya mafaili, na kufomati kamili kunaandika sufuri juu ya kila kitu. Sauti zinakwenda, ugonjwa unabaki. Hata ile amri ya chkdsk inayotafuta sehemu mbovu, pamoja na kupanga upya mafaili, kwa diski mgonjwa ni kumkimbiza mtu mwenye homa. Kuna wanaofungua kifuniko wapulize vumbi. Chembe moja ikiingia kati ya kichwa na sahani inatosha kukwaruza. Na ukisikia inagonga tik, tik, zima mara moja.

Tuliazima diski ya nje kwa jirani, tukaanza na kile kisichonunulika. Sauti za mafuriko kwanza, kisha hesabu za mikate, kisha kazi za shule. Filamu zilibaki mwisho na watoto wakanuna siku nzima. Kwa mafaili yaliyogoma, fundi aliwasha mashine kwa Linux iliyo kwenye flashi na kutumia programu ya ddrescue. Inachukua kwanza sehemu rahisi, inaruka ngumu, halafu inazirudia mwishoni. Nilichoipendea zaidi ni kwamba inaandika ilipofikia, hivyo umeme ukikatika (na ulikatika usiku wote wa kwanza) inaendelea palepale ukirudi. Kijana alikesha na mimi usiku wa pili, na siku hizi wateja wake anawauliza kwanza kama wana kitu cha kunakili.

Baadaye nilinunua SSD ndogo kwa dola 35, haina kitu kinachozunguka, na mashine inawaka kabla maji ya chai hayajaanza kuimba. Nayo inaweza kufa siku moja, tena ghafla bila kuchelewa kwanza, kwa hiyo sauti ziko sasa mahali pawili, moja nje ya nyumba.

Mafaili 3 ndiyo yaliyokuwa magumu zaidi. La mama mmoja wa kando ya Mulongwe lilitoka na pengo la sekunde 4, pale anapotaja mlango uliochukuliwa na maji. La pili limetoka zima. La tatu, la mzee mvuvi wa Kalundu, limetoka tupu. Mzee bado yuko hai. Juma lijalo nitakwenda kwake na kinasa sauti, nimwombe anisimulie tena.