Los Angeles: Mji Uliowasahau Wazee Wake

Jina la Los Angeles linapotajwa, wengi hufikiria filamu, majumba ya matajiri na barabara pana zilizojaa magari. Hayo yapo. Lakini katikati ya jiji hilo la Marekani, ng'ambo ya barabara kutoka stesheni kuu ya reli, kuna uwanja mdogo wa mviringo wenye miti mikubwa ya jamii ya mikuyu. Watu wa huko huuita La Placita, yaani kiwanja kidogo. Mtu huweza kuuzunguka kwa dakika chache tu, na wasafiri wengi huupita bila kujua kuwa hapo ndipo pana kitovu cha jiji zima.

Katika karne ya 18 nchi ya California ilikuwa chini ya mfalme wa Hispania. Mfalme huyo alikuwa na ngome pwani, na ngome zilikuwa na askari, lakini chakula chao kilitoka mbali kwa meli. Askari mwenye njaa halindi mpaka. Basi ikaamriwa vijengwe vijiji vya wakulima, na Kapteni Fernando de Rivera y Moncada akatumwa katika majimbo ya Sonora na Sinaloa, ambayo leo ni ya Meksiko, kutafuta familia za kuhamia huko. Aliahidi mshahara, posho, mifugo na mashamba. Hata hivyo watu walisita, na waliokubali hatimaye walikuwa mafukara.

Walivuka ghuba kwa mashua, kisha wakaelekea kaskazini katika rasi kavu yenye miamba, na baadhi yao walishikwa na ndui njiani. Kapteni Rivera mwenyewe alipita njia nyingine pamoja na mifugo. Mwezi wa Julai 1781 aliuawa penye mto Colorado, wenyeji wa huko walipoinuka dhidi ya Wahispania. Hakuuona mji aliokuwa ameutafutia watu.

Mji huo ulianzishwa tarehe 4 Septemba 1781, karibu na kijiji cha Watongva, ambao ndio waliokuwa wenye nchi kabla ya wote. Waanzilishi walikuwa 44: wanaume 11, wanawake 11 na watoto 22. Kati yao, 26 walikuwa na damu ya Kiafrika, wazao wa watumwa waliopelekwa Meksiko kutoka bara letu. Wengine walikuwa wenyeji wa asili wa Amerika na machotara. Wahispania halisi walikuwa wawili tu!

Mmoja wa wale weusi alikuwa Luis Quintero, fundi cherehani. Wakati huo cherehani yenyewe ilikuwa haijabuniwa, hivyo alishona kwa sindano na mkono. Hakukaa mjini muda mrefu, lakini mjukuu wake, María Rita Valdez, alikuja kumiliki malisho makubwa upande wa magharibi, akayauza mwaka 1854. Malisho hayo leo yanaitwa Beverly Hills, mahali ambapo wacheza filamu mashuhuri hujenga majumba yao. Ni wachache katika majumba hayo wanaojua kuwa ardhi wanayoikanyaga ilikuwa ya mjukuu wa mshonaji mweusi.

Pembeni mwa uwanja lipo pia jengo la orofa tatu liitwalo Pico House, lililojengwa mwaka 1869 na 1870 kuwa hoteli. Mwenyewe alikuwa Pío Pico, aliyekuwa gavana wa mwisho wa California chini ya Meksiko, naye alikuwa na damu ya Kiafrika. Marekani ilipoitwaa California kwa vita na kwa mkataba wa mwaka 1848, wenye ardhi walitakiwa kuthibitisha milki zao mbele ya tume na mahakama, kwa kesi zilizokwenda miaka na miaka. Wengi walishinda kesi wakapoteza ardhi, kwa sababu ya deni la mawakili na riba za wakopeshaji. Pico alipoteza hoteli, kisha shamba lake, na akafa maskini mwaka 1894.

Hapo ndipo usahaulifu ulipoanza. Wakazi wapya waliofika kwa reli walipenda kusimuliwa kuwa mji uliasisiwa na mabwana wa Kihispania, watu wa Ulaya wenye upanga na gitaa. Mmeksiko aliyekuwa akiishi mtaa wa pili, na ambaye huenda babu yake aliichimba mifereji ya kwanza ya maji, akahesabiwa mgeni.

Mambo matatu yaliyotokea hapo katika muda usiofika miaka mitatu yanatosha kueleza hali hiyo. Mwaka 1930 kichochoro cha Olvera kandokando ya uwanja, ambacho nyumba zake zilikuwa zikibomoka, kilifunguliwa upya kwa juhudi za mama mmoja, Christine Sterling, kikawa soko la Kimeksiko la kupendeza watalii, lenye vibanda, vyungu na muziki. Pasipo juhudi hizo nyumba ya Avila ya mwaka 1818, iliyo kongwe kupita zote mjini, ingalikwisha bomolewa. Lakini tarehe 26 Februari 1931, hatua chache kutoka soko hilo, maofisa wa uhamiaji wakisaidiwa na polisi waliizingira La Placita, wakawazuia watu wapatao 400 na kudai hati zao. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na Wameksiko walilaumiwa kwa kuchukua kazi. Katika miaka hiyo maelfu kwa maelfu waliondoshwa nchini, wengi wao raia wa Marekani kwa kuzaliwa, watoto ambao Meksiko hawakuijua kabisa. Jimbo la California liliomba radhi kwa sheria mwaka 2005.

Mwaka 1932 mchoraji David Alfaro Siqueiros wa Meksiko aliajiriwa kupamba ukuta mmoja hapo Olvera. Walitarajia picha ya matunda na ndege. Yeye alichora mwenyeji wa asili amesulubiwa, na juu ya msalaba ametua tai. Haukupita muda mrefu picha ikapakwa chokaa, sehemu iliyoonekana kutoka barabarani ikitangulia. Ilifunuliwa tena kwa watazamaji mwaka 2012.

Mtu akitoka uwanjani na kupanda vilima vya kaskazini hufika Chavez Ravine. Vilikuwapo huko vijiji vitatu vya Wameksiko, Palo Verde, La Loma na Bishop, vyenye mbuzi, bustani, shule na kanisa. Mwaka 1950 wakazi waliarifiwa wauze nyumba zao ili zijengwe nyumba za serikali za bei nafuu, nao watapewa nafasi ya kwanza. Nyumba hizo hazikujengwa kamwe. Ardhi ilipewa timu ya besiboli ya Dodgers. Tarehe 8 Mei 1959 familia ya mwisho ilitolewa kwa nguvu, na miongoni mwao alikuwamo mjane ambaye mumewe aliuawa akiwa askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Picha ya askari wa usalama wakimshusha ngazi kwa kumbeba mikono na miguu ingali ikionyeshwa hata leo.

Wameksiko wengi waliapa kutokanyaga uwanja huo, uliofunguliwa mwaka 1962. Kiapo cha wengi kilivunjwa mwaka 1981 na kijana wa miaka 20, Fernando Valenzuela, mrushaji mpira kutoka kijiji cha Sonora, jimbo lile lile la waanzilishi. Alishinda michezo minane ya kwanza mfululizo, na jukwaa likajaa watu wazungumzao Kihispania.

Mwaka huo huo jiji lilitimiza miaka 200. Miriam Matthews, mkutubi mweusi aliyekuwa amekusanya habari za watu wake kwa miaka mingi, alishikilia kwamba waanzilishi watajwe kama walivyokuwa. Bamba likawekwa La Placita lenye majina yao, umri wao na asili ya kila mmoja. Meya wa asili ya Kilatini ilibidi angojewe zaidi: Antonio Villaraigosa alichaguliwa mwaka 2005, wa kwanza tangu 1872.

Kila mwaka, karibu na tarehe 4 Septemba, wazao wa familia zile hukusanyika alfajiri penye misheni ya San Gabriel na kutembea maili 9 hadi La Placita, njia iliyofuatwa na wazee wao. Wafikapo, jua likiwa limekwisha kuwa kali, wengi huenda kwanza penye bamba kutafuta majina yao.