Siku Mbili Arua Pamoja na Watoto

Likizo ya askari ni fupi. Ukiondoa siku za safari, siku za kwenda kuwaamkia wazee, na siku moja ya kuezeka paa linalovuja, hubaki siku mbili au tatu tu za kukaa na watoto wake. Katika nyumba nyingi za huku kwetu siku hizo nazo huishia chini ya mwembe: baba anazungumza na wenzake, mama anawapikia hao wenzake toka asubuhi hadi magharibi, na watoto wanamtazama baba yao kwa mbali kama wamtazamavyo mgeni. Makala haya ni kwa ajili ya familia iliyopata siku mbili kama hizo na ikaamua kuzitumia mjini.

Nitaanzia Logiri, kusini ya Arua, katika kaunti ya Vurra, nchi ya vilima inayopakana na Kongo. Mtoto wa Logiri huijua Arua kwa mambo mawili: soko na hospitali. Huenda akiwa amebebeshwa kuku, au akiwa na homa. Kwenda Arua kwa ajili ya kwenda tu ni jambo ambalo watoto wengi hawajapata kuliona, wala wazazi wao kabla yao.

Kwanza niseme lile ambalo hamtalikuta. Arua ilipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Julai 2020, siku moja na Gulu, Jinja, Mbale na miji mingine, lakini hadhi haikuja na bustani ya wanyama. Mwenye kutaka kuwaonyesha watoto simba nyuma ya wavu itambidi aende Entebbe. Hamtakuta pia mabembea ya umeme. Kwa maoni yangu hilo ni jambo jema kwa mfuko wa askari, maana michezo ya namna hiyo hummeza mtu mshahara kabla jua halijafika utosini.

Jambo la pili ni la mavazi. Baba avue sare. Nimewaona watu wema kabisa wakiingia sokoni na watoto wao huku wamevaa kijeshi, na kila wanapopita wauzaji wananyamaza. Mtoto naye huona ile hofu, akadhani ni heshima. Siku mbili hizi baba awe baba wa watu, mwenye shati la kawaida na kitambulisho chake mfukoni.

Anzeni na kilima cha Arua, mapema, kabla ya joto. Mtoto wa miaka mitano akishikwa mkono apandako hukipanda. Inafaa iwe asubuhi baada ya mvua, kwa kuwa wakati wa kiangazi vumbi na moshi wa nyasi huziba macho. Juu pale mji wote unaonekana umelala chini: mabati, miembe na mikalitusi, na barabara zikitoka kila upande. Hapo ndipo pa kuwasimulia watoto kwamba nchi hii ya Nile Magharibi ilikuwa chini ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kisha mwaka 1910 ikatiwa Sudani, na mwaka 1914 ikawa Uganda, ndipo mkuu wa wilaya wa kwanza, Mwingereza aliyeitwa Weatherhead, alipoweka boma lake Arua. Kwa hiyo mzee aliyezaliwa mwaka 1905 alipata serikali tatu kabla hajatimiza miaka kumi, na hakuhama hata hatua moja kutoka kwa mama yake. Watoto wetu walicheka sana kwa hilo.

Upande wa kaskazini-mashariki, siku ya anga safi, waonyesheni mlima Wati ulioko Terego. Walugbara husimulia kwamba mashujaa wawili ndio waliozizaa koo zao: Jaki, aliyefia mlima Liru karibu na Koboko, na Dribidu, aliyefia Wati. Huyo Dribidu, wasema wazee, alikuwa na manyoya mwili mzima, na alikuwa akila watoto hata watu wake walipomgundua wakamfukuza, naye akavuka Nile akaja huku. Hadithi hii isimuliwe mchana. Sisi tuliisimulia usiku, na hakuna aliyekubali kwenda msalani peke yake.

Mkishuka, mtakuwa na njaa. Soko kuu la Arua sasa ni la ghorofa, na kupanda ngazi zake tu ni mchezo kwa mtoto aliyekulia nyumba za nyasi. Lakini utamu wa soko uko katika vitu vyenyewe: vitenge kutoka Kongo, samaki wakavu, ufuta, na asali, ambayo Nile Magharibi inasifika kwayo. Muuza asali akiona mtoto humtonesha kidogo kiganjani. Mpeni kila mtoto fedha kidogo, anunue kitu anachokipenda mwenyewe, na asisaidiwe kubembeleza bei. Kama hajui Kilugbara, afundishwe maneno matatu: aulize "ngoni?", akiulizwa yeye ajibu "muke", na akishapewa aseme "awadifo". Maneno matatu hayo yanamtosha. Kwa mengine ipo Kiswahili, ambayo watu wa Arua waliizoea tangu enzi za babu zao waliotumikia jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na ambayo Wanubi wa mjini wanaielewa vizuri mbali na lugha yao ya Kinubi.

Kuhusu chakula cha mchana, vijana watataka chapati iliyoviringishiwa mayai, ile iitwayo rolex. Wapewe, ila jioni tafuteni mahali panapopikwa enyasa, yaani ugali wa mtama na muhogo, pamoja na osubi, mboga ya majani ya kunde. Watoto waliokulia kambini, wakila maharage na posho mwaka hadi mwaka, wengine hawajui chakula cha nyanya zao. Huyo wa kwetu wa pili aliuliza kama enyasa imeungua, kwa ajili ya rangi yake.

Alasiri ziko njia mbili. Ikiwa kuna mechi, nendeni mpirani. Arua ni mji wa kandanda. Mwaka 2016 timu ya Onduparaka ilipanda Ligi Kuu ya Uganda, na tangu hapo hata bibi asiyejua kuotea anajua jina hilo. Kaeni upande usio na ngoma kama mna mtoto mchanga. Ikiwa hakuna mechi, nendeni Ediofe kulitazama kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, kazi ya wamisionari Wakomboni. Hata familia ya Kiislamu haitajuta kukaa katika kivuli cha viwanja vyake. Tulimwomba mtunzaji ruhusa, akatupa, na watoto walijifunza kunong'ona, jambo ambalo mimi nimeshindwa kuwafundisha miaka minane.

Lipo pia jambo zito, na kila mzazi aamue mwenyewe kama mtoto wake amefikia umri. Nje kidogo ya mji kuna Ombaci. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokuwa wamekimbilia misheni ya hapo, wakidhani wamepata usalama, waliuawa na askari wa jeshi la serikali ya wakati ule. Sisi tulimchukua mtoto mkubwa peke yake, mwenye miaka kumi na minne. Alimwuliza baba yake, "Hao walikuwa askari kama wewe?" Baba yake hakukwepa. Alimwambia kwamba ndiyo, walivaa sare na waliapa kama yeye alivyoapa, kisha akamweleza ni amri gani askari hana haki ya kuitii. Nilikuwa nimesimama hatua chache nyuma yao, nikaona ni afadhali nisisogee.

Siku ya pili ina uchaguzi, maana haiwezekani kufanya yote.

Wapo watakaovutwa na jina la Rhino Camp, kwenye ukingo wa Nile. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ameacha urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alipiga kambi huko Januari 1910 pamoja na mwanawe Kermit, wakawinda vifaru weupe kwa ajili ya jumba la makumbusho la Smithsonian. Leo jina limebaki na vifaru wameondoka. Walitunzwa katika hifadhi ya Ajai, hapo karibu, lakini vita na ujangili vikawamaliza, na kufikia mwaka 1983 Uganda nzima haikuwa na kifaru hata mmoja wa porini. Kifaru mweupe wa kaskazini, yule wa huku kwetu, alibakiwa na majike wawili tu duniani baada ya dume wa mwisho kufa Kenya mwaka 2018. Basi msiwaahidi watoto kifaru. Waahidini mto na samaki, na muwakataze kabisa kuoga, kwa sababu ya mamba na viboko. Familia itakayorudi kazini kwa barabara ya Gulu kwenda Kampala inaweza kusimama hifadhi ya Ziwa, Nakasongola, ambako vifaru weupe wa kusini waliletwa wakazaana.

Koboko ni safari nyepesi zaidi. Barabara ya lami kutoka mpaka wa Vurra hadi Oraba, kupitia Arua na Koboko, ina urefu wa kilomita 92, na watoto hawatapiki. Karibu na Koboko mipaka ya Uganda, Kongo na Sudani Kusini hukutana kama mafiga matatu. Yafaa kwa mtoto anayesoma jiografia. Jambo moja tu: msipige picha karibu na vizuizi, na ulizeni kwanza hali ya mpaka kwa walio zamu. Hilo wasomaji wa gazeti hili hawahitaji kufundishwa, ila wake zao na simu zao huenda wakahitaji.

Sisi tulichagua Vurra, kwa kuwa ni upande wa nyumbani na nauli ilikuwa imepungua. Nilidhani watoto watachoka baada ya dakika kumi. Hakuna kitu pale cha kustaajabisha macho: malori ya mizigo, wabadilisha fedha, akina mama wenye mabeseni ya maembe. Ardhi yenyewe ni mgongo mpole, hata mtu hajui kwamba amepanda. Lakini wakoloni walipogawa nchi mwaka 1915, mpaka wa sehemu hizi waliufuatisha mgongo huo kwa sababu ndio unaoyagawa maji. Mvua inyeshayo mashariki yake huingia vijito vya kwetu, kama Enyau unaopita Arua, ikafika Nile, ikapita Sudani zote mbili na Misri hadi bahari ya Mediterania. Inyeshayo magharibi huingia mto Kibali, kisha Uele, kisha Ubangi, kisha Kongo, mpaka bahari ya Atlantiki. Wingu ni moja, na matone mawili yanayoanguka hatua chache mbalimbali hayataonana tena.

Bibi yao tulikuwa naye. Yeye aliuvuka mgongo huo Oktoba 1980, akiwa msichana, vita ilipoingia Arua na watu wakakimbia kwa maelfu kwenda Zaire, kama Kongo ilivyoitwa, na wengine Sudani. Hakuwa amepata kuwasimulia wajukuu. Alitembea kidogo kando ya barabara, akasema ilikuwa usiku, naye alikuwa na sufuria kichwani na ndani ya sufuria mlikuwa na kifaranga, kwa sababu mama yake alimwambia achukue kitu kimoja tu. Mtoto wa mwisho akauliza kifaranga kiliishia wapi. "Kilikua," akasema bibi, "kikatutagia huko kwa watu. Wenyeji walitupa shamba la kulima, hatukulipa." Ndipo watoto wakaelewa kwa nini bibi, tangu kambi ya Bidibidi ilipofunguliwa Yumbe mwaka 2016, huwakaripia wakiwaita watoto wa Sudani Kusini wageni.

Saa ya kurudi ilipokaribia, mvulana wetu alichukua chupa yake ya maji. Nusu akaimwaga upande huu wa barabara, akatembea, nusu akaimwaga ng'ambo, akachutama kuyatazama yakinywewa na vumbi. Akataka kujua yapi yatatangulia kufika baharini. Baba yake, ambaye asubuhi ile alikuwa bado akiulizwa maswali kwa kupitia kwangu, aliokota kijiti, akachutama karibu naye, akaanza kumchorea mto Nile mchangani, na dereva ikambidi atungoje.