Barabara ya Kirinyaga: Injini ya Mbio Kwa Mkereza Vyuma

Ndugu msomaji, ukijaliwa kufika Nairobi, usiridhike na kutazama majumba marefu ya katikati ya jiji. Teremka hadi mzunguko wa Globe, kisha ushike Barabara ya Kirinyaga, ipitayo kando ya Mto Nairobi. Wenyeji wengi bado huiita Grogan, jina lake la zamani. Hapo utapokewa na harufu ya oili, mlio wa nyundo, na maduka ya vipuri yaliyobanana bega kwa bega. Ni mahali ambapo magari yaliyochoka hutafutiwa uhai mpya.

Baadhi ya injini zinazofufuliwa nchini Kenya zina sifa kubwa. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na gari la Datsun 240Z liliyashinda mwaka 1971, na tena mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Tangu mwaka 2003 yapo pia mashindano ya Safari ya magari ya kale, na injini hizo zimepata thamani upya. Ile ya Datsun ina silinda 6 katika mstari mmoja, kila moja yenye kipenyo cha milimita 83. Bloku yake ni ya chuma, na kichwa ni cha alumini.

Usidhani kwamba kazi ngumu ni kuifungua injini hiyo. Taabu huanza bloku inapofikishwa kwa mkereza. Silinda zilizolika hupanuliwa, pengine kwa nusu milimita au milimita nzima, ili zilingane na pistoni kubwa zaidi. Bloku ikitangulia kabla pistoni hazijapatikana, mkereza hana budi kukata kwa kukisia. Nafasi ya pistoni ndani ya silinda ni sehemu chache tu za mia za milimita, pungufu ya unene wa unywele. Ikizidi, injini hugonga na kula oili; ikipungua, pistoni hutanuka kwa joto na kukwama. Maji yakimwagika hayazoleki, na chuma kilichokatwa hakirudi. Itabidi silinda ivalishwe silivu, gharama juu ya gharama. Mwenye Peugeot 504, gari lililoshinda Safari ya mwaka 1975, ana nafuu, kwa kuwa silivu za injini yake huchomolewa na kubadilishwa.

Kichwa nacho kina mtego wake. Kikipinda kwa joto, husawazishwa kwa kukwanguliwa na mashine. Lakini kamshafti ya Datsun hii hukaa juu ya kichwa na kuendeshwa kwa mnyororo. Kichwa kikipunguzwa, kamshafti hushuka, mnyororo hulegea, na valvu huchelewa kufunguka. Dawa yake ni kutia vibati chini ya nguzo za kamshafti, vyenye unene sawa na ule uliokwanguliwa. Asipoelezwa fundi kiasi kilichoondolewa, atajuaje vibati vya kutia?

Hapa ndipo ugomvi unapozaliwa. Injini ikikosa nguvu, fundi humlaumu mkereza, na mkereza humlaumu fundi. Kati yao amesimama mwenye gari, ambaye huenda ametoa akiba ya nyumba yake, naye ndiye atakayelipa mara mbili.

Basi, ndugu msomaji, hata kama gari lako ni la kwendea kazini tu, shika desturi hii. Peleka pistoni pamoja na bloku. Omba vipimo viandikwe kwenye karatasi, silinda kwa silinda, kabla na baada ya kazi. Hakikisha bloku imeoshwa kwa maji moto na sabuni mpaka njia za oili zimetakata, kwani chembe moja ya chuma yaweza kuharibu bering mpya. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mkereza hodari hataudhika ukimwomba karatasi hiyo. Yeye ndiye wa kwanza kuitaka.