Silabi Zisipotee Njiani

Mwalimu wa Kiswahili aweza kudhani kwamba uandishi wa muziki kwa kompyuta haumhusu, na kwamba hiyo ni kazi ya mwalimu wa kwaya. Sisi tunaofundisha lugha hii hapa Hai Mauna, mjini Juba, tumeona kuwa sivyo. Wengi wa wanafunzi wetu huzungumza Kiarabu cha Juba nyumbani na sokoni, na darasani hutumia Kiingereza. Maneno mengi ya Kiswahili huwafikia kwanza katika nyimbo, nao huyatamka kama walivyoyaimba. Basi wimbo uliogawanywa vibaya ni somo baya la matamshi.

Siku hizi nyimbo hizo hutujia katika simu, zikitumwa na wenzetu wa Kenya, Uganda na Tanzania. Aghalabu huwa na sura mbili. Ya kwanza ni PDF, ambayo ni kama ukurasa uliokwisha pigwa chapa: husomeka vizuri, lakini atakaye kushusha sauti kwa ajili ya watoto, au kusahihisha neno, hana budi kuuandika wimbo upya. Ya pili ni MIDI, mapatano yaliyotolewa mwaka 1983 ili vinanda vya umeme vya watengenezaji mbalimbali viweze kuelewana. MIDI hueleza kitufe gani kimebonyezwa, kwa nguvu gani, na kimeachwa lini. Haijali kama kitufe cheusi kilichopo baina ya F na G kiliandikwa kuwa F iliyopandishwa au G iliyoshushwa. Kwake vyote ni namba 66. Na ingawa faili lake laweza kubeba maneno, mara nyingi maneno huachwa nyuma.

Tulipata kuletewa wimbo wa namna hiyo, wa sauti nne, kwa ajili ya mahafali. Tulipoufungua katika MuseScore, programu isiyolipiwa, nota zilikuwapo zote, lakini chini yake hapakuwa na neno hata moja. Maneno yalikuja kwa karatasi ya pili, yamepangwa beti kwa beti. Tukawapa wanafunzi kazi ya kuyagawa. Hapo ndipo tulipoona wanavyoisikia lugha yetu. "Jumuiya" waliikata mapande matatu, ju-mui-ya, ilhali ina silabi nne, ju-mu-i-ya, kwa kuwa kila irabu ni kiini cha silabi yake. "Mungu" wakaigawa mun-gu badala ya mu-ngu. Katika "mgeni" waliibana "m" pamoja na "ge" juu ya nota moja, nayo "m" hiyo ni silabi kamili inayodai nota yake. Jioni tatu zilikwisha katika kazi hiyo, na kila mkato ulizua mjadala.

Kazi hiyo ingeweza kuepukwa kama wimbo ungetumwa kwa njia ya MusicXML. Huu ni mtindo wa faili uliobuniwa na Michael Good, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, ili programu mbalimbali za nota ziweze kupokezana kazi. Faili hilo hubeba nota pamoja na jinsi zilivyoandikwa, na, jambo linalotuhusu sisi, hubeba silabi. Kila silabi hutiwa alama inayoeleza kama ni neno zima, au ni mwanzo, kati, au mwisho wa neno. Kwa maneno mengine, ndani ya faili la muziki mmehifadhiwa uchambuzi wa lugha.

Uchambuzi huo hutegemea vidole vya mwandishi. Katika programu kama MuseScore, kistari huihamisha kalamu hadi silabi ifuatayo ya neno lile lile, na nafasi hufungua neno jipya. Kwenye karatasi tofauti hiyo huenda isionekane sana. Lakini maneno yakitolewa katika wimbo na kupelekwa kwenye programu ya kuandikia matini, "jumuiya" iliyoandikwa kwa nafasi hugeuka maneno manne yasiyo na maana. Vilevile ritifaa ya "ng'ombe" yafaa iandikwe ndani ya silabi yake, ng'o-mbe, maana ikianguka njiani huzaa sauti nyingine.

Lipo jambo jingine la kuangaliwa. Mwezi Agosti 2024 watengenezaji wa Finale, programu iliyoanza mwaka 1988, walitangaza kwamba hawataiendeleza tena. Nyimbo zilizofungiwa katika mtindo wake pekee zimo hatarini kukosa wa kuzifungua siku zijazo. Mwenye nakala ya MusicXML aweza kuhamia kwingine pamoja na mali yake.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu mambo matatu. Mtumapo wimbo, tumeni PDF ya kusomwa na MusicXML ya kufanyiwa kazi. Kabla ya kuutuma, mwalimu wa lugha na akae na mwalimu wa kwaya, wapitie silabi moja moja. Na mpokeapo wimbo usio na maneno, wapeni wanafunzi wayagawe kwanza, kisha wasahihisheni. Mikato yao itawaonyesheni wazi ni somo gani la matamshi lililobaki kufundishwa.